Nyumba ya Mchungaji, Ng'ambo ya Reli

Kuna jimbo la uchaguzi huko Kanada ambalo nalijua kuliko mtaa ninaoishi, na jambo hilo linanikera mpaka leo. Kanada kwenyewe sijawahi kukanyaga. Theluji nimeiona mara moja tu hapa Johannesburg, ikadondoka asubuhi na kuyeyuka kabla sijapata koti la maana. Lakini niulize mpaka wa kusini wa jimbo hilo unapita wapi, nitakuambia. Niulize lilimegwa kutoka jimbo gani, na hilo kabla yake lilimegwa kutoka lipi, nitakuambia bila kufungua simu. Niulize wadi yangu mimi, ya hapa hapa Yeoville, ina namba gani, itabidi nitoke nje nikasome bango la uchaguzi uliopita kwenye nguzo ya robot, yaani taa za barabarani, kama halijachanika.

Jina la jimbo hilo sitalitaja. Kwanza ni refu, majina matatu yameunganishwa kwa vistari, kama ndugu watatu walioshindwa kukubaliana nani atangulie. Pili, nikilitaja wenyewe watajulikana, na mmoja wao bado ananiita yaya, ambayo kwa Kiswahili cha kwao Kongo ni dada mkubwa.

Mimi ni Mtanzania. Nilikuja huku na mume wangu, ambaye alikuwa mkimbizi wa siasa kwetu Morogoro mpaka nchi yake hii ilipofunguka. Yeye ametangulia mbele za haki, mimi nimebaki na kibali cha kudumu na pasipoti ya Tanzania niliyokataa kuirudisha, maana kwetu huruhusiwi kuwa raia wa nchi mbili. Matokeo yake sipigi kura popote. Hapa si raia, kule sipo. Kila uchaguzi unapofika nawatazama watu wamepanga foleni kwenye shule iliyo mkabala na jengo letu, nami nafua.

Kazi yangu ni kujaza fomu. Nina meza ndani ya duka la fundi cherehani, karibu na soko, na watu wananiletea karatasi zao: maombi ya hifadhi, nafasi za shule, mambo ya benki, barua za kumlalamikia bosi. Kiingereza changu ni cha sekondari ya zamani, kimenyooka. Kiswahili changu wateja wangu Wakongo wanakicheka, wanasema ni cha redioni, na mimi chao kinanitoa jasho kila siku, basi tunakwenda hivyo hivyo. Wananisifu sana. Wengine wananiita wakili. Na hilo ndilo tatizo langu, nalisema mapema: nikisifiwa, kichwa kinavimba.

Mtu wa Yeoville hakai mahali. Leo ana chumba, mwezi ujao mwenye jengo kauza, yule mtu yuko nyuma ya pazia sebuleni kwa binamu yake, halafu Berea, halafu Hillbrow, halafu amerudi kwenye jengo lile lile alilofukuzwa, ghorofa ya chini. Barua ya serikali haijui kumfuata mtu wa namna hiyo. Nimeona watu wakipoteza miaka kwa sababu karatasi moja iliingizwa chini ya mlango ambao si wao tena. Kwa hiyo nikajiwekea sheria, nikaifundisha kwa kila aliyekaa mbele ya meza yangu. Penye anwani, usiandike unapolala, andika mahali pasipohama. Kwa wengi wao mahali hapo palikuwa kanisa lao, karakana ya zamani kule Doornfontein, ambako mchungaji alikuwa na sanduku la barua lenye kufuli na mke asiyesahau jina la mtu. Kwenye karatasi, watu wasio na idadi waliishi ndani ya karakana ile. Hakuna ofisa aliyewahi kuuliza. Barua zilifika, watu walipata vibali, nami nikapata jina mjini.

Mmoja wa watu hao alikuwa msusi kutoka Uvira. Saluni yake ilipakana na duka la fundi, tulianza kwa kuazimana kiti, tukaishia kulea watoto wake pamoja. Nilimjazia kila karatasi ya maisha yake hapa, mpaka ile ya mwisho, ya yeye na mumewe na watoto kupelekwa kuishi Kanada. Nilimwona kama mdogo wangu, na ndivyo nitakavyomwita humu.

Mama yake alitokea mwishoni kabisa. Faili lilikuwa linakaribia kukamilika, wamekwishapimwa mpaka meno, ndipo bibi huyo akashuka kwenye basi la kutoka Lusaka na mkoba mmoja, miguu imevimba. Ofisa akasema hawezi kuongezwa. Kumwongeza ni kuanza upya. Akasema nendeni, mtamwita mkiwa kule. Mdogo wangu alilia siku mbili, halafu akaja kwangu.

"Miezi sita tu, yaya," akaniambia. "Umushikie mama yangu miezi sita."

Nikamshika. Nikampa chumba cha mwanangu aliyehamia Durban. Miezi sita ikawa mwaka, mwaka ukawa miaka, na mama yule akawa mtu wa kwangu, anajua nikikohoa nataka nini. Maombi ya kumwita yalipigwa danadana ambazo nikianza kuzisimulia sitamaliza. Karatasi hii imepitwa na muda, ile haisomeki, subirini barua. Kila mara niliposema sasa yameiva, yanarudi mabichi.

Aliyeyakwamua ni dada mmoja wa ofisi ya mbunge. Kule Kanada, nilivyoelezwa, mbunge ana ofisi mtaani, na watu wa ofisi hiyo kutwa nzima wanafuatilia mafaili ya wananchi, hata ya wale ambao bado hawajapata uraia. Nilipoambiwa hivyo nilicheka, nikadhani mdogo wangu ameanza kudanganyika na nchi ya watu. Lakini ni kweli. Ofisi ilikuwa ndani ya duka la zamani, dakika kumi kwa miguu kutoka kwenye maghorofa wanakokaa Wakongo. Dada yule aligundua kwamba faili la mama liliwekwa kando kwa sababu mwaka wake wa kuzaliwa kwenye karatasi moja haukufanana na ule wa kwenye karatasi nyingine. Akarekebisha. Akawa anaandika kila mwezi kuulizia. Mara moja alizungumza na mama mwenyewe kwa simu, mdogo wangu akitafsiri katikati, na tangu siku hiyo mama alimwita "yule wa dosye", yaani mwenye faili lake, kwa heshima kama anavyomtaja daktari.

Ndipo ikaja ramani.

Kule kila baada ya miaka kumi wanahesabu watu, kisha kila mkoa unaundiwa tume ya watu watatu, jaji na wenzake wawili, wakae wachore upya mipaka ya majimbo ili wabunge wasipishane mno kwa idadi ya watu. Jambo la haki kabisa ukilisikia kwa mbali. Mdogo wangu alinitumia picha ya mapendekezo yao, mstari mwekundu umelala juu ya njia ya reli, na chini yake ujumbe wa sauti.

"Yaya, batatukata. Reli njo itakuwa mpaka. Sisi ba magorofa tunawekwa pamoja na ba mashamba. Biro ya mbunge wao iko mbali, hata bisi haifike. Sasa dosye ya mama itaenda wapi?"

Biro kwao ni ofisi, bisi ni basi; nilielewa mara moja. Uchaguzi ujao ukifika kwa ramani ile, yule dada hatakuwa na ruhusa tena ya kuwasemea watu wa maghorofa. Faili la mama litahamia kwa watu wasiolijua. Mama alikuwa amekaa karibu nami na alisikia kila neno.

Tume ilikuwa inapokea barua za wananchi, na siku ya kusikiliza ilikuwa imepangwa. Mdogo wangu akanitumia ujumbe wa pili: "Wewe njo unajua maneno ya ma biro. Utuandikie."

Nilikasirika. Huko kwao kuna wanasheria, kuna walimu, kuna watoto wake mwenyewe waliosoma kule na Kiingereza chao kinateleza kuliko changu. Kwa nini mtu wa Yeoville, asiye na kura hata ya kumchagulia diwani, aandike kuhusu bunge la Kanada? Mtaa wetu wenyewe ulihamishwa kutoka wadi moja kwenda nyingine na sisi tukajua baadaye sana, mtu alipokwenda kulalamikia bomba lililopasuka akaambiwa diwani wako siyo huyu. Hatukuandika barua. Hatukujua hata kama barua huandikwa. Nikasema yote hayo kwa sauti, mama akanisikiliza mpaka nilipochoka, kisha akaniuliza kama nitaanza kuandika leo au kesho.

Nikaanza siku hiyo hiyo. Nilisoma historia ya jimbo lile kwenye simu, katikati ya mteja na mteja, mpaka fundi akawa ananiita mheshimiwa mbunge. Na nikiri, ilinikamata. Mwanzoni hapakuwa na jimbo, palikuwa na wenyeji wa asili ambao walikuwepo tangu enzi na enzi, na ambao baada ya nchi kuundwa walikaa muda mrefu bila kura, isipokuwa mtu akubali kuacha haki zake za uenyeji. Hapo nilisimama kusoma nikaiwazia pasipoti yangu kabatini. Halafu ikaja reli, na pamoja na reli wakaja wakulima wa ngano kutoka Ulaya ya mashariki, wakajenga makanisa yenye paa za duara kama vitunguu. Jimbo la wakati huo lilikuwa kubwa kupita kiasi, mgombea alikuwa anasafiri siku nzima kumfikia mpiga kura mmoja. Mji ulipokua ukayala mashamba, jimbo likamegwa. Likamegwa tena. Mara mpaka unafuata mto, mara unafuata barabara kuu, mara kijiji fulani kinaondoka na jina lake linabaki. Moja ya yale majina matatu, mpaka leo, ni la stesheni ambayo haipo, imebaki nyasi tupu.

Mkabala na maghorofa anakaa bibi mmoja, mjukuu wa hao wakulima wa ngano. Alimwambia mdogo wangu kwamba amezeekea ndani ya nyumba moja na amepigia kura majimbo manne. Nilitaka sana kuliweka hilo kwenye barua na nikaliweka.

Na watu wa sasa? Wafilipino wanaouguza wazee hospitalini, Wavietnamu wenye maduka ya vyakula, Wasomali, wenyeji wa asili waliorudi mjini, na watu wetu, wengi wao waliopitia mezani kwangu, waliokuja mwisho na kupata kazi kwenye kiwanda cha nyama. Maghorofa yako manne, ubavuni mwa reli, upande wa kaskazini. Tume ilisema inataka kujua nini kinawaunganisha watu wa mahali, maana hairuhusiwi kuwatenganisha ovyo wenye mambo yanayowahusu pamoja. Hapo mama alinisaidia kuliko kitabu. Nilikuwa namsomea kwa Kiswahili nilichoandika, naye akanikatiza.

"Andika wanawake," akasema. "Mtoto wangu ameniambia. Asubuhi ile bisi ya kiwanda inabachukua bote, na wenye kutoka zamu njo banabaki na batoto ya bengine. Ukibakata, batoto batabaki na nani?"

Mpaka mpya haungemzuia mwanamke yeyote kulea mtoto wa jirani, nilijua hilo. Lakini nilielewa alichomaanisha, kwamba shule na zahanati na ofisi ya mbunge na duka la sombe, kisamvu kwetu, vyote viko upande ule mwingine wa reli, na watu wanavuka kila siku. Nikaandika wanawake. Nikaandika duka la sombe. Nikaandika na ofisi ile ndani ya duka la zamani, na kwamba kwa familia hizi siasa yote ni mlango ule. Wiki mbili nilifanya kazi ile na sikumdai mtu hata nauli ya teksi. Ilipokamilika nikaisoma kwa sauti tangu mwanzo mpaka mwisho, na nakwambia, sijawahi kuandika kitu kizuri namna ile. Nilivimba kichwa. Nilijiona nimefika.

Zikabaki saini. Mdogo wangu alichapa karatasi zenye safu tatu, jina, saini, anwani, akazipeleka maghorofani mlango kwa mlango baada ya ibada. Jumapili hiyo maji yalikuwa yamerudi kwetu baada ya siku mbili za ukame, nami nilikuwa jikoni najaza ndoo, sufuria, birika, kila chenye mdomo. Mama alikuwa mezani anachambua lengalenga, mchicha wa kwao. Ujumbe ukaingia, nikaufungua kwa kidole chenye maji.

"Yaya, hapa kwa adresi baweke gani? Bengine banahama mwezi huu. Kuna bale ba bilok tatu bamepata manyumba ingine."

Nikabonyeza nikajibu huku bomba linamwaga. "Jamani, na hilo la kuuliza? Miaka yote nimewafundisha nini? Wekeni ya mchungaji. Ile isiyohama." Nikacheka na kucheka kwenyewe kukaingia kwenye ujumbe.

"Sharp, yaya," akajibu. Neno hilo, yaani sawa, aliondoka nalo hapa na hajaliacha.

Mchungaji wao wa kule ndiye aliyekuwa wa kwanza kati yao kununua nyumba. Nzuri, ya ghorofa moja, na kibaraza. Nimeiona kwenye picha za ubatizo. Mstari ule wa reli nilikuwa nimeupitishia kidole sijui mara ngapi kwenye skrini ya simu, kutoka mwanzo wa mji mpaka mwisho, na sikuwahi kujiuliza mchungaji anakaa upande gani.

Siku ya kusikilizwa ilikuwa huko asubuhi, kwetu ni jioni, jua bado lipo kwenye kuta za jengo la jirani. Binti wa mdogo wangu alishika simu kwenye safu ya pili ya ukumbi wa shule, na sisi wawili, mimi na mama, tukaegemeza simu yangu kwenye kopo la sukari. Mdogo wangu alivaa kitenge cha sherehe. Akasoma barua yangu. Alisoma vizuri, taratibu, na palipo na wanawake na bisi akainua macho akawatazama wajumbe. Mama hajui Kiingereza lakini alikuwa anaitikia kwa kichwa kama anayefuatilia mahubiri.

Jaji akashukuru. Alikuwa mwanamke wa makamo, mpole, na upole wake ndio ulioniumiza baadaye, maana angekuwa mkali ningepata wa kumchukia. Akainua karatasi za majina. Akasema ameona majina mengi na anafurahi, ila kuna jambo linamchanganya. Wote wameandika anwani moja. Na nyumba hiyo, kwa ramani aliyonayo, iko kusini mwa reli. Mpaka mpya hauigusi. Nyumba hiyo inabaki kwenye jimbo lake lile lile.

"Wanaishi watu wangapi humo?" akauliza.

Mdogo wangu ni mtu mkweli. Akasema, "Mchungaji, mke wake na watoto wawili."

Kuna watu walicheka ukumbini. Si kicheko kibaya, ni kile kinachomtoka mtu kabla hajakizuia. Mdogo wangu alijaribu kueleza kwamba ni anwani ya kupokelea barua, kwamba watu wetu wanahama, kwamba tumezoea hivyo. Mjumbe mmoja akauliza, kwa nia njema kabisa, kama basi watu wale walitia saini penye anwani ya mahali wasipoishi. Nikaona uso wa mdogo wangu ukisinyaa. Mama akaniuliza, "Banasema nini?" Nikamwambia wanashukuru.

Jaji aliwapa nafasi. Alisema leteni karatasi upya, kila mtu aandike anapolala, tutazipokea. Ni jambo jepesi hilo. Ungedhani limekwisha.

Halikwisha kwa sababu habari ilishafika maghorofani kabla mdogo wangu hajarudi. Jaji ameuliza kama tumedanganya. Hivyo ndivyo ilivyovuka reli. Na hawa ni watu waliokaa makambini na maofisini miaka na miaka wakifundishwa kwamba karatasi yenye kosa inaweza kukurudisha ulikotoka. Wengine uraia wao ulikuwa bado njiani. Nani atie saini ya pili inayokiri kwamba ya kwanza haikuwa kweli? Mdogo wangu alizunguka na karatasi mpya siku nne. Milango ilifunguliwa nusu. Mzee mmoja wa kanisa alimwambia kwa heshima zote kwamba mambo ya mipaka ndiyo yaliyotutoa kwetu, tusiyafuate mpaka huku.

Nikaingilia mimi. Nikawapigia simu mmoja mmoja, watu niliowajazia fomu za watoto wao, watu waliowahi kunibusu mikono. Niliwaeleza kwamba si jinai, kwamba jaji mwenyewe ameomba, kwamba ni mstari mmoja tu wa kuandika. Nilibembeleza, nikafoka. Dada mmoja, niliyemtetea hapa mpaka mwenye nyumba akamrudishia vitu vyake, alininyamazisha katikati ya sentensi.

"Yaya, wewe njo ulitufundisha tusiandike kwenye tunalala," akasema. "Sasa unasema tuandike. Eish. Tuache, yaya."

Karatasi ya pili ilipelekwa na majina tisa. Taarifa ya mwisho ya tume nimeisoma mara nyingi kuliko inavyostahili. Barua yangu imetajwa humo kwa mstari na nusu, kwamba ilipokelewa na kuzingatiwa. Reli ikawa mpaka.

Uchaguzi ulipopita, maghorofa manne yakawa na mbunge wa mashambani, ambaye simlaumu, hata simjui. Yule wa dosye alimpigia mdogo wangu simu ya mwisho, akalia kidogo kwa mujibu wa mdogo wangu, akapeleka faili kwenye ofisi mpya pamoja na maelezo marefu aliyoyaandika mwenyewe. Ofisi mpya ikajibu kwamba inatakiwa fomu mpya ya ruhusa, na kwamba watalisoma faili kuanzia ukurasa wa kwanza. Baada ya hapo vipimo vya afya vya mama vikaisha muda wake. Kisha pasipoti yake. Kila kilichokwisha muda kiliita kingine.

Kinachonitia wazimu ni kwamba mdogo wangu hanilaumu. Kila simu, kabla sijauliza hata hali ya watoto, ananiambia, "Yaya, haiko kosa yako." Anasema hivyo kwa upendo, na mimi natamani kuitupa simu. Kosa ni la nani kama si langu? Nani alicheka kwenye ule ujumbe? Ningetukanwa ningejua pa kuanzia. Bado nakaa kwenye meza yangu, bado watu wananiita wakili, na mtu akifika kwenye mstari wa anwani mkono wangu unasimama, namuuliza mara mbili analala wapi, na yeye ananitazama kana kwamba mimi ndiye Uhamiaji.

Mama hakuwahi kuzungumzia jambo hilo. Alipika, aliosha vyombo hata nilipomkataza, alikwenda ibadani na kurudi. Nilijipa moyo kwamba hakuelewa. Nilimwambia kwamba wakubwa wa kule wamebadilisha mipaka na mafaili yamechelewa, na huo si uongo, lakini unajua nilichokuwa nafanya.

Jumamosi iliyopita niliporudi kutoka sokoni nilimkuta chumbani kwake amefungua sanduku kitandani. Koti zito la baridi, ambalo bintiye alimtumia mwaka wa kwanza kwa ajili ya safari, alikuwa amelitoa kwenye nailoni yake. Akaniuliza kama namjua mtu wa kumpa, maana linakula nafasi na panya wataanza. Alisema kama anayezungumzia gazeti la zamani.

Nikakaa kitandani. Sikupanga kusema, ilinitoka. "Mama, ile anwani ya mchungaji. Mimi ndiye niliyewaambia waiandike. Faili lako limepotelea hapo, ni mimi."

Hakushtuka. Alikunja mkono mmoja wa koti, akakunja wa pili, akausawazisha kwa kiganja.

"Najua, mtoto wangu," akasema. "Siku ile nilikuwa mezani, nilikusikia. Na swali ya ule jaji, binti yangu alinielezea yote kesho yake."

Zaidi ya mwaka mzima. Tulikuwa tumekula sahani moja zaidi ya mwaka mzima. Nikamuuliza kwa nini hakunisema, kwa nini hakunifokea hata mara moja, mimi ningefoka mpaka majirani watoke.

Akanitazama kwa mshangao wa kweli, kama nimeuliza jambo ambalo hata mtoto analijua.

"Nikukasirikie," akasema, "halafu nitalala wapi?"